Ngazi ya Kombi

Mama yangu alikuwa na adabu zake, na adabu zile zilinitoa jasho. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mwanamke halali chini ya paa la mwanamume aliyemuoa binti yake. Kula atakula, lakini kajitenga uani na mkeka wake. Salamu atajibu, macho chini. Ama kulala, akorome, aamke na uso wa usingizi mkwe amuone? Wee! Bora alale barazani kwa watu asiowajua.

Ndiyo maana mpaka leo uani kwangu, hapa Kibiti, kuna gari, Kombi kuukuu, iliyosimama juu ya boriti za mikoko, imeezekwa makuti, ubavu umetobolewa matundu, na mlangoni imeegemezwa ngazi. Wageni hawakosi kuuliza. Nami huwajibu kwa mkato, chai inapoa, karibuni ndani.

Kwao mama ni Chumbi, ng'ambo ya mto. Mie niliolewa upande huu. Katikati kuna Rufiji, na enzi hizo hakukuwa na daraja, kulikuwa na pantoni ya Ndundu tu. Mto ukijaa pantoni ilifungwa kamba ikatulia, na wewe msafiri ukatulia nayo. Baba alizidiwa wakati wa masika. Nilishuka Ndundu na kanga mbili na chupa ya dawa, nikakuta magari yamepanga foleni na maji mekundu yanapita na magogo. Nililala kwenye benchi la mama ntilie, nikaamka, nikalala tena. Ng'ambo niliwaona watu wadogo wadogo wanapita na shughuli zao, na nikawachukia kwa kuwa wao wako upande ule. Nilipovushwa, baba alikuwa keshazikwa. Mama alinipokea begani, akaniambia, "Alikuulizia." Basi. Neno hilo nilitembea nalo miaka na miaka.

Hapo ndipo nilipoapa. Mama sitamkosa namna ile. Atakuja akae kwangu, upande wangu wa mto, na siku yake ikifika nitakuwa nimemshika mkono. Nikawa namwambia kila nikienda, naye kila siku alikuwa na jibu: mpunga haujapandwa, mpunga haujakomaa, mpunga haujavunwa. Mpunga wa Chumbi ulikuwa mke mwenzangu.

Msimu wote wa mpunga alikaa kwenye dungu. Dungu kwa asiyelijua ni kibanda cha juu, kina miguu ya miti, kinasimama katikati ya shamba. Mtu hukaa humo akafukuza ndege na nguruwe, na maji yakiingia bondeni yanapita chini yake. Usiku unapandisha ngazi ndani, ukalala, na asubuhi unaishusha. Wenzetu walijenga madungu yao kwa matete na mianzi. Baba yangu, mtu wa makuu, alitaka mbao. Akaenda Nyamisati, kule pwani, akanunua mashua iliyooza mkuku, ule uti wake wa chini, akaivunja, akaja nayo vipande vipande. Mbao zile zilikuja na matundu yake ya misumari na baba hakuyaziba. Alfajiri jua likichomoza, mwanga uliingia kwa vile vitundu ukatua juu ya shuka, na mie mtoto nilikuwa nikiukinga kwa viganja huku mama akipoza uji wa moto kwenye bakuli. Sijawahi kulala mahali pazuri kuliko pale.

Mwaka ambao nguzo za daraja zilianza kuonekana mtoni, dereva wa lori alinikuta sokoni kwenye meza yangu ya mitumba. Akaniambia mama yako kaanguka kwenye jaruba, kakaa matopeni mpaka watu wakapita. Nilimwachia jirani meza na nguo zote juu yake. Nilimkuta mama ndani ya dungu, mguu umevimba kama mhogo wa kijijini Jaribu, ananiangalia kwa hasira.

"Nimeteleza tu," akasema. "Nani kakwambia uje?"

"Mama, unakuja kwangu, au nakubeba."

"Nibebe basi, tuone."

Nilimbeba. Mgongoni, mpaka barabarani, njia nzima ananitukana kwa Kindengereko ili wapita njia wasio wa kwetu wasielewe. Tulivuka na pantoni, tukafika Kibiti. Akala, akaoga, akakandwa mguu, akamsalimia mume wangu kwa kumpa ubavu. Jua lilipozama akaniuliza, "Mie nalala wapi?" Nikamwonyesha chumba. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na nilikuwa nimemtandikia kile kizuri. Akachukua mkeka wake, akachechemea hadi kwa jirani yetu mjane, akapiga hodi. Akalala huko. Kesho yake hivyo hivyo. Mjane alikuwa na moyo, lakini nyumba yake yenyewe ilikuwa imejaa wajukuu, na mama yangu si mtu wa kukaa kimya kwenye jiko la mwenzake. Haukupita muda nikasikia mama anasema, kwa sauti ya kutaka nisikie, kwamba mguu umepona na kwao kuna nafasi.

Roho ilikuwa juu. Nyumba nyingine hatukuwa na uwezo wa kujenga. Lakini uani kulikuwa na Kombi.

Mume wangu ni mtu wa bara, alikuja huku na kazi ya barabara, dereva wa tingatinga. Ilipokuja ruksa ya biashara, magari yaliyotumika yakaanza kumiminika nchini pamoja na hizi nguo zangu, akaacha kazi akanunua Kombi, achukue samaki Nyamisati. Barabara ya Nyamisati ikaila. Injini ikanoki, akaivuta hadi nyumbani, akaipandisha juu ya mawe. Kila Jumapili aliiosha. Aliifuta kioo, alikaa kwenye usukani, akanyoosha miguu, akasema injini itapatikana tu. Kuku walikuwa wametaga kwenye viti vya nyuma na yeye bado anasema itapatikana. Mie sikuwahi kumcheka hadharani, lakini hiyo Kombi niliichukia kama mtu anavyomchukia hawara anayejulikana mtaa mzima.

Siku hiyo nilimvaa. "Mama yangu analala kwa watu, na wewe una chumba cha bati kinatagiwa mayai!"

"Kile si chumba. Ni gari."

"Gari linakwenda. Lile linakwenda wapi?"

Aliinuka akatoka, nikajua nimemuumiza, na sikujali. Kesho yake asubuhi nikasikia spana. Alikuwa ndani ya Kombi anafungua viti, kimoja kimoja, anavipanga chini ya mwembe kwa utaratibu kana kwamba kuna watu watakuja kuvikalia. Kuku walikuwa wamesimama pembeni wanalalamika. Nilimpelekea chai. Akaipokea, akasema, "Mwulize mama kama atakubali."

Nilimuuliza mama. Akaitazama Kombi kwa mbali, mkono kiunoni.

"Ya nani?"

"Ya mkwe wako."

"Basi na paa ni lake. Mie nitakuwa nimefanya nini?"

Jamani! Nilishika kichwa. Lakini mama alikuwa hajamaliza. Akasema yeye atasuka makuti yake mwenyewe, kwa mkono wake, yapandishwe juu ya lile bati. Paa litakuwa lake. Na sakafu na kuta ziwe zake pia. Mto ulikuwa unakula ukingo pale shambani, dungu la baba lingekwenda na maji masika ijayo. "Kama mto utalichukua," akasema, "bora mlichukue nyie."

Mume wangu alikwenda Chumbi na lori la mtu, akalivunja dungu kwa uangalifu, akarudi juu ya mzigo: mbao za mashua, boriti nne za mikoko ngumu kama chuma, kitanda cha kamba, na ngazi. Nilipoziona zile mbao zinashushwa uani kwangu, kijivu, zina alama za mkaa alizokuwa akichora baba, nilikaa chini. Harufu yake ilikuwa ile ile.

Tulifanya kazi wenyewe, mie na yeye. Mbao za mashua zina mpindo wake, na Kombi nayo ina mpindo, na cha ajabu vilikubaliana. Tulilaza sakafu, tukapanda ukutani, tukatengeneza rafu ya mtungi na mahali pa taa. Kule nyuma, ambako Kombi hubeba injini yake, palibaki uwazi mkavu wenye mlango wake. Mama akasema hapo pasichezewe, hapo pake. Mapazia nilichagua kwenye belo langu la mitumba, vitambaa vya maua vya Wazungu sijui wa wapi. Nikaitazama, nikaona ni nyumba nzuri kuliko yangu. Nikamwita mama.

Alisimama mlangoni. "Iko chini," akasema.

"Chini vipi?"

"Maji yakija?"

"Mama, Kibiti hapa maji yatoke wapi?"

Akarudi kwa mjane. Mume wangu akacheka peke yake, akaazima jeki mbili. Alikata zile boriti za dungu, akaipandisha Kombi juu yake, kila pembe, kidogo kidogo, hadi sakafu ikafika kifuani kwa mtu mzima. Nusu ya Kibiti ilikuja kuangalia. Mmoja akauliza kama tunangoja gharika. "Tunamngoja mama mkwe," akamjibu. Ngazi ya dungu ikafaa mlangoni bila kukatwa.

Mama akapanda. Tangu dakika ile mume wangu hakuweka tena mguu mle ndani, hata kuchungulia. Tulikuwa tumesimama wawili chini, tunangoja. Halafu sauti ikatoka ndani.

"Matundu yamekufa macho."

Sikuelewa. Nikapanda. Alikuwa ameketi kitandani anaangalia ukuta wa mbao, na ndipo nami nilipoona. Vile vitundu vya misumari vyote vilikuwa vyeusi. Nyuma yake palikuwa na bati la Kombi. Kazi yote ile, na mie niliyelala humo utotoni nikiukinga mwanga kwa viganja, sikuwa nimefikiria. Mama hakulalamika. Alisema tu haya, ni kuzuri, Mungu awabariki. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeaga.

Nilishuka nikamwambia mume wangu. Akaniuliza matundu yenyewe yako wapi. Nikamwambia yote hayo, ukuta mzima. Akaigeukia Kombi. Niliona anavyoitazama ile rangi, nyeupe juu, buluu chini, aliyoisugua Jumapili zote zile. Kisha akachukua nyundo na msumari wa inchi sita.

"Mwambie agonge," akasema.

Mama akapewa msumari mrefu. Akawa anaupenyeza kwenye kitundu cha ubao, anagonga bati kwa ndani: ti, ti, ti. Mume wangu nje kaegemeza sikio, anasogea, anasikiliza, anaweka ncha ya msumari wake pale pale, anapiga. Bati linatoboka. Wa ndani hamwoni wa nje, wa nje hamwoni wa ndani.

"Hapo, mkwe."

"Ndiyo, mama."

"Shuka kidogo. Hapo."

"Ndiyo, mama."

Hawakuwahi kuzungumza maneno mengi vile. Asubuhi nzima, ubavu huu, kisha ule. Mie nilisimama na ndoo yangu ya maji mkononi nikasahau nilikuwa naipeleka wapi. Gari lililotobolewa hivyo halirudi tena barabarani, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alipopiga la mwisho akafuta vumbi la rangi kwenye mashavu, akaenda kunawa. Mama akachungulia mlangoni, akaniambia taratibu, "Huyu umempata." Kwa mama yangu hiyo ilikuwa hotuba.

Akakaa. Alhamdulillahi, akakaa! Kwanza alisuka makuti yake, tukaezeka juu, matundu yakapata kinga ya mvua. Kila siku baada ya isha nilimsikia anavuta ngazi ndani, kwaru kwaru, na alfajiri inashuka, puu. Ile puu ndiyo iliyokuwa ikiniamsha. Nilikuwa nageuka kitandani najiambia, mama yupo, halafu nalala tena kidogo kwa raha. Nikimpelekea uji namkuta kaketi, mwanga umemwagika mapajani mwake, nami nakaa pembeni yake tunakunywa. Nilidhani nimeshinda.

Sikujua alichokuwa anahifadhi kule nyuma kwenye mahali pa injini. Siku moja nilifungua nikitafuta kuku aliyepotea, nikakuta vibuyu vya mbegu ya mpunga, vimezibwa kwa majivu vizuri. Nikavifunga tena. Sikumuuliza, kwa sababu nilijua jibu.

Daraja likafunguliwa. Watu wa Kibiti walikwenda kulitazama kama wanakwenda harusini. Mama hakwenda. Kisha mvua za kwanza zikanyesha, na zile mbao za baba zikavuta unyevu, zikaanza kutoa harufu yake: tope, samaki mkavu, mabua ya mpunga. Ndani ya Kombi kulinuka Chumbi kabisa. Nilipopanda na uji nikamkuta mama kafumba macho, kaegemeza paji la uso kwenye ubao, anavuta pumzi.

"Wenzangu wameshaanza kupanda," akasema.

"Mama, usianze."

"Sianzi. Nimekwambia tu."

Kumbe nilichomletea ili kimshike ndicho kilichokuwa kikimwita. Ningemjengea kwa saruji angekaa, labda. Tulizozana siku nzima. Nikamwambia mguu wako, nikamwambia umri wako. Nikamtolea silaha yangu ya mwisho.

"Na mto ukijaa? Nikukose kama nilivyomkosa baba?"

Akanitazama. "Si mmejengewa daraja?"

Nilishuka ngazi nikiapa nitazichoma mbao zake zote, na nikamsikia anacheka. Nikamwendea mume wangu nikitaka aseme hapana, yeye mwanamume wa nyumba. Akaniambia, "Mwache aende."

"Si mama yako! Ungekuwa na uchungu naye ungesema hivyo?"

"Asubuhi kigoda chake kinaburuzwa upande wa jua," akasema. "Mchana kutwa kinakaa upande wa Ndundu, njia ya kwao. Namsikia."

Nililia pale pale, mbele ya kuku.

Ndugu zake wa Chumbi walimjengea dungu jipya, mbali kidogo na ukingo, la matete. Nikamwambia tuzirudishe mbao. Akakataa. "Ziache. Nikija nitalala wapi, kwa mkwe?" Alichukua mkeka, mtungi na vibuyu vya mbegu. Ilikuwa desturi yao shambani, msimu ukiisha, mwenye dungu huishusha ngazi akaificha majanini ili asipande mtu. Nikaishika ngazi ya Kombi niiondoe, maana nilidhani ndivyo atakavyotaka. Akanipiga kofi dogo la mkono.

"Iache ilipo. Kwani nakwenda mbali?"

Alisema atakuja baada ya mavuno. Kisha akasema baada ya mavuno mengine. Mie ndiye niliyekuwa nakwenda, kila nikipata nafasi, na kila nikirudi naitupia jicho ile ngazi. Alfajiri nilikuwa naamka kabla ya wakati nikingoja ile puu. Nilimtamani mama yangu hivyo, mie mtu mzima mwenye meza sokoni, akiwa mzima wa afya ng'ambo tu ya daraja.

Ikaja masika. Kijana wa pikipiki akaja sokoni akaniambia, "Dada, mama anakuita." Sikuuliza zaidi, nikapanda basi la kwanza. Tulipofika Ndundu mto ulikuwa umejaa, mwekundu, magogo yale yale. Gari halikusimama. Hata halikupunguza mwendo. Nilichungulia chini nikaona mahali lilipokuwa benchi la mama ntilie, pamekuwa maji, na kabla sijamaliza kuangalia tulikuwa ng'ambo. Nililia kwa sauti, abiria wakadhani nina msiba tayari.

Shambani maji yalikuwa yameingia. Binamu yangu alinipeleka kwa mtumbwi katikati ya mpunga hadi kwenye dungu. Ngazi ilikuwa chini. Nikapanda, nikamkuta amelala ubavu, amekonda, macho yake yote yako mlangoni.

"Umewahi," akasema.

"Nimewahi, mama."

Nilimkalisha, nikamnywesha uji. Mkono wake nilikuwa nao mkononi mwangu. Baadaye akaniuliza, "Kule, ngazi umeitoa?"

"Haijatolewa."

"Mwambie mkwe aitazame. Kipandio cha katikati kilikuwa kinalegea. Mtu ataanguka."

Alikaa siku chache, akaondoka asubuhi, maji yakipita taratibu chini yetu. Nilikuwepo. Nilikuwa nimemshika. Kila nilichoapa nilikipata, na haikupunguza chochote.

Niliporudi Kibiti baada ya arobaini nilimpa mume wangu salamu zake. Alinisikiliza, akaenda akachukua nyundo. Tangu hapo kila masika ikikaribia huikagua ile ngazi, na kipandio kilichochoka hukitoa akaweka kingine. Vya zamani sidhani kama kimebaki hata kimoja. Mie hupanda asubuhi nyingine, nikalala kwenye kitanda cha kamba, mwanga ukaja ukanikaa viganjani. Yeye husimama chini, kageuza uso upande wa pili, akaniuliza kama imekaza. Namwambia imekaza, panda basi na wewe uone.

"Ah," hunijibu. "Kwa mama mkwe?"